Gereza la Kilwa Kisiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukivuka kutoka Kilwa Masoko kwa mashua, jengo la kwanza linalokupokea upande wa kisiwani ni ngome chakavu iliyokaa ukingoni mwa maji. Wenyeji wanaiita Gereza. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi: na wageni, na walimu wanaoleta wanafunzi, na ndugu zetu walio ughaibuni wanaopanga kuja kutembea. Yameanza mepesi, magumu yako mwishoni. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, nimekuelekeza kwenye namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Gereza ni nini, na liko wapi hasa?

Ni ngome ya kijeshi iliyo kwenye ufuko wa kaskazini wa kisiwa cha Kilwa Kisiwani, Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Lina umbo la mraba, lina ua katikati na minara miwili ya duara kwenye pembe zinazokabiliana kwa mshazari.

Watu huuliza kwa nini minara miwili tu wakati pembe ni nne. Simama ndani ya mnara mmoja utapata jibu: kutoka hapo unaona urefu wote wa kuta mbili. Mwenzako aliye mnara wa pili anaziona mbili zilizobaki. Anayejaribu kuegemeza ngazi ukutani hana pa kujificha, na fundi ameokoa mawe ya minara miwili.

2. Kwa hiyo palikuwa jela?

Hapana, jina ndilo linalowachanganya watu. Wataalamu wa lugha wanalitoa neno "gereza" kwenye Kireno *igreja*, maana yake kanisa. Wareno walizoea kuweka kanisa ndani ya ngome zao, na watu wa pwani wakalichukua neno wakaliita jengo zima. Baadaye ngome nyingi za pwani zikageuzwa mahabusu, maana kuta nene na lango moja vinamfaa askari jela kama vinavyomfaa askari wa vita. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, nayo iliwahi kufungia watu. Ndivyo neno lilivyosafiri kutoka kanisa, likapita ngomeni, likaishia jela.

Kilwa imebaki na maana ya kati. Mzee wa kisiwani akikwambia "nakwenda Gereza", usimpe pole.

3. Nani alilijenga, Wareno au Waarabu?

Wote wawili, kwa kupishana karibu miaka 300.

Wareno waliingia Kilwa kwa nguvu Julai 1505, wakiwa na msafara wa meli wa Francisco de Almeida. Mtawala wa mji, Amir Ibrahim, alikimbia. Walichagua nyumba imara iliyokuwa ufukweni, wakabomoa za jirani kupata nafasi ya kupiga mizinga, na katika wiki chache wakawa na ngome waliyoiita Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo. Ndiyo ngome yao ya kwanza katika pwani ya Afrika Mashariki. Waliiacha 1512 (swali la 5).

Unachokiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani ya karibu mwaka 1800, iliyosimamishwa juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Kwa hiyo kibao kinachosema "Ngome ya Wareno" na kile kinachosema "Ngome ya Waarabu" vyote vina nusu ya ukweli.

4. Ni sawa na Husuni Kubwa? Na boma la Kilwa Kivinje?

Hapana kwa yote mawili. Husuni Kubwa iko kisiwa hicho hicho, lakini ni jumba la kifalme la mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Neno "husuni" ni la Kiarabu na maana yake ni ngome, ila jengo lenyewe lilikuwa la starehe: lina hata birika la kuogelea la pembe nane. Boma la Kivinje ni la Wajerumani na liko bara.

## Jinsi lilivyoachwa

5. Kwa nini Wareno waliondoka baada ya miaka 7 tu?

Kwa sababu hesabu haikulipa. Walikuja wakifuata dhahabu ya Sofala iliyokuwa ikipitia Kilwa. Walipoishika Sofala yenyewe na kuwabana wafanyabiashara wa Kilwa, biashara ilikwepa ikapita njia nyingine, na ngome ikabaki inalinda bandari isiyo na kitu. Askari waliugua. Muhammad Ankoni, mtawala waliyemsimika wao, aliuawa, na mji ukaingia kwenye ugomvi wa urithi usiokwisha. Mwaka 1512 walifunga virago. Kilwa iliwashinda bila kupigana vita kubwa: ilikataa tu kuwa na faida.

6. Waomani walitaka nini mahali palipokwisha kuporomoka?

Kuwazuia Wafaransa, kwa maneno machache. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Biashara ya namna hiyo, ikiendeshwa nje ya forodha ya Unguja, Waomani hawakuweza kuivumilia. Katika miaka ya 1780 waliirudisha Kilwa mikononi mwao, na ngome ikafuata: ya kumweka liwali na askari wake, kutazama nani anaingia bandarini, na kutoza ushuru.

Msichanganye hapo. Ngome haikuja kukomesha biashara ya utumwa. Ilikuja kuamua nani anaifaidi. Swali la 18 linaendelea na habari hii.

7. Liliachwa lini?

Hakuna siku moja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilizoea kuishia Kilwa Kivinje, bara, ambako hapahitaji kuvuka maji. Wafanyabiashara wakahamia huko na forodha ikawafuata. Sultani wa mwisho wa Kilwa aliondolewa na Sayyid Said katika miaka ya 1840 akapelekwa Maskati. Baada ya hapo Gereza lilikuwa jengo kubwa lisilo na kazi.

Ila "kuachwa" ni neno la watu wa makabrasha. Kisiwa hakikuhamwa. Kuna kijiji mpaka leo, kuna watoto wanaosoma, kuna wavuvi wanaoanika nyavu karibu na kuta hizo. Aliyeondoka ni askari.

## Kulitunza

8. Limejengwa kwa kitu gani?

Mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Mawe ni ya miamba ya kale ya matumbawe iliyo nchi kavu, magumu na yenye vitundu. Chokaa ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa: magogo yanapangwa duara, mawe yanarundikwa juu, moto unawaka mpaka yanageuka meupe na mepesi, kisha yanamwagiwa maji na kuchemka yenyewe. Hiyo ndiyo kuzima chokaa. Fundi mwenye subira huiacha ikae shimoni kwa miezi kabla ya kuigusa.

Boriti ni za mikoko. Hizo ndizo zilizoamua ukubwa wa vyumba pwani yote, kwa sababu boriti nzuri haivuki sana mita tatu. Pima chumba chochote cha zamani, Kilwa au Lamu, utakuta ni kirefu na chembamba. Angalia pia mashimo yaliyojipanga mstari juu ya kuta za Gereza: humo ndimo boriti za dari zilimokaa. Dari ilikwenda kwanza, kama kawaida. Boriti zikioza, zege la chokaa lililo juu yake linashuka, na mvua inapata njia ya kuingia ndani ya ukuta kutokea juu.

9. Kwa nini msipige saruji mkamaliza kazi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza mara nyingi ni fundi wa kweli, siyo mtani. Kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unanyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha unayatoa taratibu jua linapowaka. Saruji haipumui. Ukiipaka juu, maji yanaingia kwa njia nyingine (kutoka chini, au kwenye ufa mdogo wa juu) na kukosa pa kutokea. Pwani maji hayo yana chumvi. Yanapokauka nyuma ya saruji, chumvi inaganda kuwa fuwele, fuwele zinavimba, na jiwe linasagika kuwa unga huku nje panaonekana pazuri kabisa.

Kuna jambo la pili. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Ukuta wa zamani hucheza kidogo, unatanuka mchana na kunywea usiku. Chokaa inakubali. Saruji haikubali, na wakivutana kinachokatika ni jiwe.

Nimewahi kumtazama fundi mmoja mzee akikagua ukuta wa gofu la pwani uliokuwa umezibwa kwa saruji zamani. Hakutoa kifaa chochote. Aligonga kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi, akisogea shibiri moja moja. Ko, ko, ko. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya debe tupu. Akachomeka ncha ya mwiko na kiraka kizima kikadondoka, upana wa sinia, kikiwa kimebandukana na uso wa jiwe. Nyuma yake palikuwa na unga mweupe. Aliuonja kwa ncha ya ulimi, akautema. "Chumvi," akasema, akaendelea kugonga.

Kwa hiyo: chokaa. Ni ya polepole, inataka kuloweshwa na kufunikwa magunia isikauke haraka, na inataka fundi anayerudi. Hilo la mwisho ndilo gumu kulipata. Fedha za mradi mkubwa zinapatikana mara moja moja. Fedha za kumlipa mtu mmoja wa kuzunguka kila baada ya masika na ndoo yake ya chokaa, hizo ndizo adimu. Kwa maoni yangu huyo mtu mmoja ana thamani kuliko mradi.

10. Adui mkubwa ni bahari au miti?

Bahari. Miti inaua jengo kwa miaka. Bahari inaweza kuchukua kona kwa msimu mmoja. Gereza limejengwa pale lilipo kwa makusudi, mizinga iwe karibu na maji, na sasa ukaribu huo ndio ugonjwa wake. Maji yanapojaa sana, mawimbi yanapiga chini ya msingi na kuvuta mchanga. Ukuta haupigwi ukaanguka. Unachimbwa miguu, ukalala. Upande unaotazama bahari umeumia kuliko pande nyingine zote, na sehemu zake zilikwisha poromoka.

Miti nayo si ya kupuuzwa. Ndege anadondosha mbegu ya mtini juu ya ukuta, mizizi inafuata chokaa laini kuelekea chini. Kuing'oa kwa nguvu ni kosa, maana mzizi unatoka na mawe yake. Unakatwa shina, kisiki kinauawa, kinaachwa kikauke, ndipo nafasi inazibwa.

11. Mikoko inasaidiaje?

Mizizi yake inavunja nguvu ya wimbi kabla halijafika ukutani, na inashika tope lisikokotwe. Ndiyo maana upandaji wa mikoko umekuwa sehemu ya kazi ya uhifadhi Kilwa, sambamba na kuta za kuzuia maji. Kuna kejeli ndani yake: mikoko ilikatwa kwa karne nyingi ili kuezeka majumba, na sasa mikoko inaombwa iyaokoe yaliyobaki.

12. Kwa nini lisijengwe upya lote, liwe kama zamani?

Zamani ipi? Ya 1505 au ya 1800? Ukiirudisha ya Waomani unaizika ya Wareno, na ukiitafuta ya Wareno unabomoa ya Waomani. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wengi duniani wanaufuata, unasema urejeshaji unakoma pale kubahatisha kunapoanza. Kinachofanyika ni kushikiza kilichosimama, na kurudisha jiwe lililoanguka ikiwa mahali pake panajulikana.

Wanafunzi huwa hawaridhiki na jibu hili. Wanataka mizinga na bendera. Nawaelewa.

13. Ni kweli UNESCO iliwahi kutangaza kwamba Kilwa iko hatarini?

Kweli. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya kuporomoka kwa kuta na mmomonyoko. Kazi iliyofanyika, ikiwamo iliyofadhiliwa na Ufaransa na Japani na nyingine baadaye kwa fedha za Marekani, iliwezesha kuondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Kuondolewa si kupona. Ni sawa na mgonjwa kutolewa wodini akaambiwa aendelee na dawa nyumbani.

## Ukitaka kwenda

14. Kwa nini magofu yanasimamiwa na watu wa wanyamapori?

Swali la haki, na si wewe tu unayecheka. Eneo liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Serikali iliyagawa baadhi ya maeneo ya mambo ya kale kwa taasisi za hifadhi zenye askari, magari na uzoefu wa utalii. Kimondo cha Mbozi, kwa mfano, kilikwenda kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Faida imeonekana kwenye vyombo vya usafiri na idadi ya wageni. Wasiwasi wangu uko kwenye chokaa (swali la 9): askari wa hifadhi anajua kumzuia jangili, lakini hakufundishwa kusikiliza ukuta.

15. Nijiandae vipi?

Kibali na malipo vinashughulikiwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Kivuko ni kifupi, lakini uliza maji yanajaa au yanakupwa, la sivyo utashuka na viatu mkononi. Beba maji ya kunywa na kofia. Kisiwa ni cha Waislamu na misikiti ya kale bado inaheshimiwa, kwa hiyo vaa nguo za stara. Wazee waamkie kwanza, maswali baadaye. Usipande juu ya kuta hata kama mwenzako amepanda akapiga picha nzuri.

16. Nimeokota kigae au sarafu. Naweza kuondoka nacho?

Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivyo, na kuchimba bila leseni ni kosa. Mwonyeshe mwongozaji mahali ulipokiona, usikisogeze. Kigae kikiwa ardhini kinasimulia kilikuwa jirani na nini. Kikiwa kabatini kwako ni kipande cha sahani.

Mfano: mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu chache kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Baadaye tano kati yake zikatambuliwa kuwa za Kilwa. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko, na ubishi haukatiki kwa kuwa hakuna aliyezichunguza zikiwa bado mchangani.

17. Tunaweza kufanyia harusi, tamasha au kurusha droni?

Droni inahitaji kibali cha mamlaka husika kabla hujafika. Usitegemee kuombea pale pale. Kuhusu tamasha, watu hutaja Ngome Kongwe ya Unguja, ambako filamu na muziki vinaonyeshwa ndani ya ua. Ile imezungukwa na mji na kuta zake ni nzima. Gereza lina kuta zinazoshikiliwa kwa shida, na mtikisiko wa spika kubwa si wa kuujaribu hapo. Picha za harusi nje, ufukweni, kwa ruhusa: sawa, na zinatoka vizuri jioni.

## Maswali magumu

18. Kwa nini tuhifadhi ngome ya wavamizi na wauza watu?

Kuna waliowahi kuniambia usoni kwamba bahari iachwe ifanye kazi yake. Siwacheki. Lakini tazama kuta zenyewe. Mawe ya ngome ya 1505 yalitoka kwenye nyumba za Waswahili zilizobomolewa. Waliobeba mawe na kuchoma chokaa ya 1800 hawakuandikwa popote, na mbinu waliyotumia ni ile ile iliyojenga Msikiti Mkuu ulio hatua chache kutoka hapo. Ukiliacha Gereza lizame, Mreno hapotezi kitu. Ana makabrasha yake Lisbon. Anayepoteza ni yule fundi asiye na jina, maana ukuta huu ndio karatasi yake pekee.

Tena mkataba wa 1776 unasomwa tofauti ukiwa umesimama juu ya mnara na kuiona njia ya maji ambayo majahazi yalipita yakiwa yamebeba watu.

19. Bahari ikiendelea kupanda, mtalihamisha?

Hapana. Jengo la mawe madogo na chokaa halihamishiki. Ukilifungua unabaki na lundo. Kinachowezekana ni kuchelewesha (maswali ya 10 na 11) na kupima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, kupitia mradi wao wa Zamani, walikwisha yapiga magofu ya Kilwa picha za miale ya leza, kila ukuta na ufa wake, kiasi kwamba umbo lake linaweza kuchorwa upya kwa usahihi wa sentimita.

Ukifika wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, shuka ufukweni upande wa chini ya ngome. Utaona mawe yenye chokaa bado imeyashika, yamelala kwenye tope mbali na ukuta, yameota chaza. Mtu akikuuliza ngome ilifika wapi zamani, mwonyeshe hayo.